Hata Ng'ombe Huachwa Azae Kwanza

Mama mkwe wangu alikitazama kifua changu kabla hajanitazama usoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tumbo la miezi minane, nimempokea mzigo na kuku aliokuja nao, nimempa shikamoo yake kwa heshima zote, na yeye macho yameganda kwenye matiti kama mtu anayekagua mnyama mnadani. Marahaba ilikuja baadaye, tena kwa uchovu. Kivuko cha Busisi kilikuwa kimekwama kwenye magugu maji, yeye alikuwa amekaa juani tangu asubuhi, na hasira za magugu yale alikuwa amezibeba mpaka kwangu.

"Hayo yanatoka?" akaniuliza.

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia sijui.

"Mwanamke hajui maziwa yake," akasema, akanipita akaingia ndani. Alipokaa, akavua viatu, akapewa maji akanywa, ndipo akaeleza. "Sijaja kutembea. Nimekuja tukamue hayo maziwa yaishe ubaya kabla mtoto hajatoka."

Tulikuwa tunakaa Mabatini, chumba na sebule vya kupanga, kule juu kwenye mawe. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha nguo, kama wenzake wengi, akaambiwa siku hizi biashara ni ruksa, ajitegemee. Akawa anauza mitumba. Mama yake alikuwa amekuja mwaka uliotangulia pia, nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Nautaja wazi ili mtu asije akadhani niligombana na mama wa watu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Mtoto yule wa kwanza alikuwa wa kike, na hakumaliza wiki. Maziwa ya kwanza ya mwanamke huwa machache, mazito, ya njano. Mama mkwe aliyaita machafu. Aliyakamua kwa mkono wake akayamwaga bafuni, akasema mtoto asiguse titi mpaka yaje meupe. Akamlisha maji ya sukari kwa kijiko. Halafu maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Mtoto akaanza kuhara, akakauka, macho yakaingia ndani, akafa. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Upande wangu hapakuwa na mtu wa kusimama akasema hapana. Msibani, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani, mama mkwe akatoa hukumu. Akasema tulichelewa. Uchafu ule ulikaa kwenye matiti yangu miezi tisa ukaoza, ukapita kwenye damu, ukamwua mtoto. Wanawake wakaitikia kwa vichwa.

Kwa hiyo mimi niliamini mtoto wangu aliuawa na kile kijiko. Yeye aliamini aliuawa na mimi. Na sasa kulikuwa na mwingine tumboni, na mmoja wetu ndiye angeamua kitu cha kwanza kuingia kinywani mwake.

Nilikwenda kliniki nikamwuliza nesi. Nesi yule hakuwa mtu wa kupendeka. Ilikuwa miaka ile ya kuchangia gharama, unakwenda kujifungua na glovu zako, wembe wako na pamba yako kwenye mfuko wa plastiki, na yeye alitupokea kama tuliokuja kumwomba vya nyumbani kwake. Nilimwinamia nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ni sawa kukamua maziwa kabla ya kuzaa. Akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa benchi.

"Nani kakwambia ukamue? Yachezee hayo matiti, uchungu uje kabla ya siku zake, uje unizalie njiti hapa. Hayo ya njano yaache yalivyo. Akitoka tu, anyonye. Hayo ndiyo chanjo yake ya kwanza. Na hayo maji ya sukari mkawape wageni wenu."

Wenzangu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimchukia mwanamke yule, nikaamini kila neno alilosema.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Alikuwa anapanga suruali za mitumba kitandani, akaendelea kupanga.

"Mama amezaa watoto wengi kuliko huyo nesi," akasema.

"Na nesi amezalisha wengi kuliko mama yako."

Hakupenda. Kesho yake akarudi na kopo la maziwa ya unga. Miaka ya nyuma kopo lile uliliona kwa wakubwa tu. Sasa maduka ya mjini yalikuwa yamepanga makopo hayo mpaka dirishani, yana picha ya mtoto wa Kizungu mwenye mashavu. Akaliweka juu ya kabati taratibu, kama mtu aliyeleta suluhu ya vita. Akasema basi, si ya njano, si ya ng'ombe, kila mtu atulie. Nikamwuliza kama anajua kwamba yeye sasa ni mtu wa tatu kutaka kumlisha mtoto ambaye hajazaliwa. Akatoka kwenda kuongea na wanaume wenzake.

Mama mkwe hakuwa na habari na kopo. Yeye alitoa amri. Kila asubuhi niingie bafuni nijipake samli kidogo vidoleni, samli aliyokuja nayo mwenyewe kwenye kibuyu, nikamue kwenye kikombe, nimletee aone. Yakianza kuwa meupe, mtoto yuko salama. Bado ya njano, tunaendelea.

Siku ya kwanza niliingia bafuni nikakaa juu ya jiwe na kikombe changu, nikafikiri. Mimi asili yangu ni Ukerewe, kwetu tunajua samaki. Maziwa kwangu yalikuwa maziwa tu, kitu cha kutia kwenye chai. Na kila asubuhi alipita mtu wa Buswelu na baiskeli na madumu yake ya maziwa, tukinunua kwa ajili ya chai ya huyo huyo mama. Basi nikachota kidogo, nikatia bizari ya njano kwenye ncha ya kisu, nikapasha moto kidogo tu yafanane na joto la mwili. Nikafunika kwa kisahani nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Akafunua, akatazama. "Umeona uchafu huo?" akasema, akatoka kwenda kumwaga.

Siku ya pili nikapunguza bizari. Akasema afadhali. Nilifurahi, nisifiche. Nilijiona nina akili za mjini. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya bizari mpaka siku ya kuzaa: kidogo, kidogo zaidi, hakuna. Mama ameridhika, maziwa yangu yako kifuani, mtoto anayasubiri.

Siku ya tatu hakutazama. Alinusa. Kisha akachovya kidole akaonja, akatema mlangoni.

"Ng'ombe huyu analishwa machicha ya pombe," akasema.

Nikanyoosha mkono nichukue kikombe.

"Tena umemtia bizali." Kiswahili chake hakikuwa na ra, na siku ile sikuona la kuchekesha. "Langi unanidanganya, na halufu je? Mimi nimezaliwa zizini. Mimi unaniletea maziwa ya ng'ombe unaniambia ya mtu?"

Kilichomuuma si uongo. Angeweza kusamehe uongo. Kilichomuuma ni kwamba nilidhani yeye, binti wa mfugaji na mke wa mfugaji, hatamtambua ng'ombe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kikombe kile.

Akafunga mlango wa sebule. Akachota samli, akaisugua viganjani mpaka ikayeyuka, akaniambia nifungue vifungo. Nilisema hapana. Akasema hajaniuliza. Akanishika bega kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaingia kifuani, akakamua. Mkono ule ulikuwa umekamua tangu utotoni na haukujua kubembeleza. Maumivu yalinipanda mpaka kichogoni, na tumbo likakaza lote likawa gumu. Nikaona tone moja la njano juu ya kidole gumba chake. Tone la mwanangu, liko kwenye mkono wa mtu mwingine, linangoja kufutwa ukutani.

Nilimsukuma. Kumsukuma mama mkwe si jambo la kusimuliwa, na mimi nalisimulia. Akapepesuka akakaa kwenye kochi, akabaki na mikono yake ya samli ameiinua hewani.

"Ng'ombe wako akiwa na mimba, amekaribia kuzaa, unamkamua?" nikamwuliza.

Akanitazama.

"Nijibu, mama. Unamkamua, au unamwacha azae kwanza?"

"Anaachwa."

"Akishazaa, ile dang'a, yale maziwa yake ya kwanza, anakunywa nani?"

"Ndama."

"Asipoyanywa?"

Akajipangusa mikono kwenye khanga. "Hasimami," akasema. Na alipoona amesema nini, akasimama yeye. "Ndama ni mnyama. Usinifananishie mjukuu wangu na ndama."

Mume wangu aliporudi alikuta habari imeshapikwa na kuiva: mkewe anampiga mama yake. Akaniita, akaniambia niombe radhi. Niliomba radhi kwa mkono wangu. Kwa titi sikuomba. Nikafunga mjadala kabisa, nikawaambia wote wawili kwamba atakayenigusa kifua tena nitapiga kelele mpaka majirani wajae, na pale Mabatini nyumba zilivyobanana, majirani wangejaa kweli.

Tangu siku ile mama mkwe hakusema nami. Alisema na mwanawe, mimi nikiwa pale pale. "Mwambie mkeo uji umepoa." "Mwambie mkeo akae vizuli, tumbo limeshuka." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi ningempa jembe, mpini, na nauli ya kivuko juu yake. Lakini hakuondoka. Alikuwa anaingojea siku, na mimi nilikuwa naingojea, na kila mmoja alikuwa na lake la kufanya itakapofika.

Ilifika mchana, nikiwa naanika nguo. Tulipata gari la mtu tukaenda hospitali, mimi, mume wangu na mfuko wangu wa glovu. Mama mkwe alikaa mbele na kifurushi chake mapajani, na sikuuliza kina nini. Nilijua. Alasiri nikajifungua mtoto wa kiume. Mkunga akamfuta, akaniwekea kifuani, akaenda kwa mwingine aliyekuwa anapiga kelele.

Mama mkwe akaingia wodini. Alikuwa ameshafungua kifurushi. Kikombe cha bati kimefunikwa, kijiko juu yake. Akanyoosha mkono.

"Nipe mtoto."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anasema nami. Sikuwa na nguvu ya kusukuma mtu tena, na angetaka kumchukua angemchukua. Nilichoweza ni kumgeuzia mgongo. Nikamgusa mtoto shavu kwa kidole, mdomo ukafunguka, nikamtia titi. Hakujua mwanzoni. Akalitema, akalialia. Nikamtia tena. Likaingia, akavuta, na nikasikia anavuta, na yale ya njano yakaenda yalikotakiwa kwenda tangu mwaka jana.

Mama mkwe akazunguka kitanda mpaka nikamwona. Hakunifokea. Aliwageukia wanawake wa wodi ile, waliolala wawili wawili vitandani na watoto wao, akasema kwa sauti ya msibani:

"Ninyi mashahidi. Huyu akifa, mmemwona aliyemlisha."

Mmoja alivuta khanga akamfunika mtoto wake uso, kana kwamba neno lile lingeweza kuruka kitanda. Nami niliogopa. Lazima niseme hivyo, maana sikuwa na ushujaa wowote mle wodini. Niliogopa kwamba nesi amekosea. Niliogopa kwamba nimeshindana na mtu mzima kwa sababu namchukia, na mtoto ndiye atakayelipa. Lakini sikulitoa titi.

Tukarudi nyumbani. Zile siku zilizofuata simtakii hata adui yangu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba, akitazama. Hakumbeba mtoto. Hakumwimbia. Kila nepi niliyobadilisha aliichukua kabla sijaitia kwenye ndoo, akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akainusa, akairudisha. Alikuwa anatafuta kuhara. Alipoona choo cheusi cha kwanza aliniangalia kwa macho ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Kilipogeuka njano, akaikunja nepi akairudisha. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake anamngoja mtoto wangu afe. Akasema nisiseme maneno hayo. Nikamwuliza ni maneno gani yaliyo sahihi. Akaenda kwenye mitumba yake.

Mtoto alinyonya, akalala, akalia, akatulowesha. Maziwa yakaja meupe, mengi, yakawa yanachuruzika mpaka naloa nguo. Siku aliyoanza kuhara yule wa kwanza ikapita. Siku tuliyomzika ikapita. Mchana mmoja baada ya hapo nilitoka bafuni nikamkuta mama mkwe ameinama juu ya kitanda, kichwa chake kiko usoni mwa mtoto. Nilikimbia nikijua amemtia kitu kinywani. Nikamvuta kwa nyuma ya gauni. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa ameweka sikio.

"Anapumua," akasema.

"Ulitaka afanyeje?"

Akarudi kwenye kigoda chake.

Kitovu kilipokauka kikadondoka akatangaza, kupitia kwa mwanawe, kwamba anaondoka. Mume wangu akatoka asubuhi kwenda kutafuta gari la kumpeleka Kigongo akapande kivuko. Tulibaki wawili na mtoto. Mimi nilikuwa kitandani nanyonyesha, na nilikuwa na furaha, furaha chafu kabisa ya kushinda. Kuku wake na samli yake nilikuwa nimevipokea. Ushahidi aliouandaa wodini alikuwa anarudi nao bila kuutumia. Nilikuwa nimemwachia titi lote wazi alione.

Akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamtazama mtoto akivuta. Shavu lilikuwa linaingia na kutoka.

"Mimi nimezaa nane," akasema.

Mume wangu hakuwahi kuniambia nane. Nilimjua yeye na dada zake wawili, nikadhani basi.

"Wamebaki hawa watatu. Wote niliwakamulia ya kwanza nikayamwaga. Mama yangu alinishika mkono akanionesha, na yeye alioneshwa. Wengine waliondoka kwa kuhala, kama huyu wako wa mwaka jana. Tukasema ni maziwa ya mama." Alikuwa anasema polepole, bila kulia, kama anayehesabu mifugo inayoingia zizini na kuona haitimii. "Huyu amekunywa yote, na yuko hai. Sasa wewe uliyesoma kliniki uniambie. Kama yale ni dawa, mimi nilikuwa namwaga nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitunza mwaka mzima, nimelisema peke yangu nikiosha vyombo, nikifua, nikitembea kwenda kaburini na kurudi. Nilikuwa nimelipangia mpaka sauti. Siku zote niliota kwamba siku moja atanifungulia mlango nilitie ndani, na sasa alikuwa ameufungua mwenyewe, amekaa pembeni kunipisha.

Sikulitoa. Asije mtu akanisifia huruma, maana sikuwa nayo. Nilipokumbuka macho ya mtoto wangu yalivyoingia ndani, nisingempa mama yule hata maji. Sikulitoa kwa sababu alikuwa ameshalisema yeye, na kwa hasira zangu zote nisingeweza kulisema likamfika kuliko hivyo. Kulikuwa pia na jibu la pili, la kumwambia hakujua, hakuna aliyejua. Hilo nalo nilikuwa nalo. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa jepesi, na lingemfikisha Busisi akiwa bado mtu.

Nilimgeuza mtoto nikampa titi la pili. Mume wangu aliporudi kusema gari limepatikana, alimkuta mama yake bado anangoja jibu.